Mvua ya Nyumba Kumi na Nane

6 Novemba

Dada,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama enzi za shule ya bweni, ulipokuwa unaniandikia kuniuliza kama napiga mswaki. Barua hii nimempa dereva wa lori la kokoto. Nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, asimwachie mtu wa mapokezi.

Unajua ninachotaka. Kile kilima kilicho nyuma ya nyumba ya mama sasa ni changu, na hati zote ni safi. Nitajenga nyumba kumi na nane, barabara ya lami katikati, na ukuta kuzunguka. Nyumba ya kwanza, ile ya kona kule juu, ni ya mama. Ameshawatangazia majirani wote, hata wasiomuuliza. Matingatinga yamekaa yananitazama tu kwa sababu ya karatasi moja, kibali cha maji ya mvua. Nikauliza kinatolewa wapi. Nikaambiwa ghorofa ya pili, kwa mama mmoja mgumu kama jiwe, mafundi wanamwita Mama Mitaro. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sikuwaambia kwamba huyo Mama Mitaro ndiye aliyenibeba mgongoni.

Shida ni hii. Mchoraji wangu ameweka bwawa pale chini, karibu na uzio wa mama, ati mvua ikinyesha maji ya mapaa na ya lami yaingie humo, yatulie, kisha yatoke kidogo kidogo. Bwawa lenyewe linakula viwanja viwili. Viwanja viwili vizima vya kuwekea mvua, dada. Tulipokuwa watoto maji ya kilima kile yalikuwa yanakwenda wapi? Yalikwenda zake, na sisi tukalala.

Naomba ulitazame jambo hili kwa jicho la nyumbani.

Mdogo wako,
Kitindamimba

13 Novemba

Mdogo wangu,

Dereva wako amenikabidhi barua mbele ya foleni nzima ya waombaji, akasema kwa sauti ya sokoni, "Imetoka kwa mdogo wako." Ahsante kwa hilo.

Tulipokuwa watoto maji yalikuwa yanaingia ardhini, kwa sababu kilima kilikuwa na nyasi na vichaka. Wewe unakivika mabati na lami. Maji hayatakuwa na pa kuingia, yatashuka yote kwa mkupuo, na chini ya kilima kile kuna nyumba moja tu. Hiyo ndiyo kazi ya bwawa. Anayekuambia ni pambo hajawahi kufagia matope sebuleni.

Ila si mimi nitakayeamua. Ofisini kwetu mtu hagusi faili la ndugu yake. Lako nimelikabidhi kwa mwenzangu wa meza ya pili, yule anayevaa sweta hata jua likiwaka. Mimi tangu leo sitasema neno juu yake, zuri wala baya. Mchoro ulioleta una bwawa na mahesabu yake yamekaa sawa, kwa hiyo sioni kitakachokukwamisha. Tusiandikiane tena habari za kazi. Niandikie habari za mama, maana kwenye simu sasa hasikii kabisa, kila nikipiga ananijibu swali ambalo sijamuuliza.

Dada yako

1 Desemba

Dada wa mimi,

Nimekuelewa. Nilikuelewa tangu mstari wa kwanza.

Kibali kimetoka, kina mhuri mkubwa kama kisosi. Bwana Sweta hakuniuliza maswali mengi. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Wewe ndiye ndugu yake?" Nikajua mambo yameiva. Mama nimemwambia hivi: dada anajifanya mkali, lakini safari hii kanikingia kifua. Alifurahi mpaka akanikatia kipande cha pili cha keki, nawe unajua mama na keki yake.

Ulivyoiandika barua ile, mtu wa nje angedhani umenifukuza. Mimi nimezeekea kwenye kazi hii, lugha ya maofisi naijua. Hilo lililobaki nitalimaliza mwenyewe kimyakimya, na jina lako halitatajwa popote.

Njoo uone siku moja. Ukuta umeanza kupanda.

Kitindamimba

9 Desemba

Mdogo wangu,

Sijui unanishukuru kwa lipi. Bwana Sweta sikumwambia kitu. Yeye humuuliza kila mtu maswali machache, kwa sababu anapenda kuwahi nyumbani. Umepewa kibali kwa kuwa mchoro wako ulikuwa mzuri, basi, hakuna jingine.

Na hilo lililobaki ni lipi? Nijibu.

Dada yako

21 Januari

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo. Masikio ndiyo hayo, na huenda ni heri, maana mashine za mdogo wako zinanguruma kutwa na majirani wanalalamika, mimi peke yangu ndiye niliyetulia.

Nimefurahi kwamba mmepatana. Ninyi wawili tangu utoto hamkuweza kugawana hata blanketi bila kuniita. Sasa kila akija ananieleza jinsi ulivyomsaidia kazini, nami namwambia, dada yako ndivyo alivyo, anakaripia huku anatoa.

Nyumba yangu ya kule juu imeezekwa. Ina baraza pana na jiko lenye dirisha kubwa. Mshonaji wangu, yule msichana mpangaji wa chumba cha uani, ananishonea mapazia. Cherehani ameiweka mlangoni, anakanyaga huku anaimba, mimi naona mdomo tu unacheza. Nikihama yeye atabaki hapa chini kuniangalizia nyumba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na vyombo vyangu.

Lile shimo kubwa lililokuwa nyuma ya uzio wamelifukia, nami nimeshukuru, lilikuwa linanitisha. Hapo sasa zimesimama nyumba mbili nzuri, zina wenyewe tayari. Na ukuta wao umefika mpaka nyuma ya chumba cha mshonaji, mrefu, umepigwa plasta laini, hauna hata tundu la panya. Mdogo wako ana mkono wa kazi, hilo lazima tumpe.

Mama yako

27 Januari

Kitindamimba,

Nilikuuliza hilo lililobaki ni lipi, ukanyamaza. Mama amenijibu bila kujua. Umelifukia bwawa.

Ngoja nikuandikie kama ninavyowaandikia wageni, maana nikiandika kama ndugu nitatukana. Mvua ikinyesha, maji ya mapaa kumi na nane na ya barabara nzima yatashuka mpaka kwenye ukuta wako. Ukuta hauna matundu, kwa hiyo yatasimama hapo. Ukuta wa namna ile umejengwa kuzuia macho ya wapita njia, haukujengwa kuzuia maji. Yatajaa, yatausukuma, nao utaangukia uani kwa mama. Hakuna utabiri hapa. Nimeyaona kwa wengine, nimepiga picha, picha ziko kabatini kwangu.

Unao mchoro ulioidhinishwa. Bwawa limo. Kila siku ambayo bwawa haliko ardhini unavunja kibali chako mwenyewe, tena kile ulichosema kina mhuri kama kisosi.

Chimba. Usipochimba nitapeleka taarifa kwa wakaguzi, na wakiniuliza huyu ni nani yako nitawaambia.

Dada yako

2 Februari

Dada,

Umenishangaza, na zaidi ya hapo umeniumiza. Wewe ndiye uliyeniruhusu.

Barua yako ninayo hapa mezani. "Sitasema neno juu yake, zuri wala baya." Afisa akimwambia mkandarasi kwamba hatasema neno, mkandarasi anaelewa nini? Muulize yeyote katika kazi hii, hata mchanganya zege. Maana yake ni fanya, mimi sijaona. Halafu faili ukalihamishia kwa mtu asiyeuliza. Halafu ukanikataza kukuandikia habari za kazi. Kama hukumaanisha hivyo, kwa nini uliandika sawasawa na wanavyoandika wote wanaomaanisha hivyo?

Mkaguzi alikuja na kuondoka. Alikuta vumbi. Alizisifu kokoto nilizomwaga getini ili malori yasitoke na matope, akavisifu vitambaa vya kuzuia udongo, akatia sahihi. Bwawa hakuliuliza. Kiangazi hakuna anayeuliza bwawa.

Siwezi kuchimba chini ya nyumba za watu, watu wenyewe wameshaleta vitanda. Mvua zikipita nitatengeneza mtaro mkubwa pembeni, nakuapia. Ila ukipeleka taarifa leo, kesho wanafunga geti, na nyumba ya mama itabaki bila milango. Unataka nimwambie nini? Kwamba binti yake amemnyima?

Nakuomba kitu kimoja. Ningoje nimhamishe mama. Akishakuwa juu hakuna tena mtu wa kudhurika kule chini. Halafu fanya utakavyo, nitakaa kimya.

Kitindamimba

8 Februari

Mdogo wangu,

Nilichoandika ndicho nilichomaanisha. Miaka yote hii nimekaa meza moja na watu wanaosema hili na kumaanisha lile, nawajua kwa sura na kwa viatu. Nilisahau tu kwamba wewe ni mmoja wao. Nilikuandikia kwa lugha tuliyofundishwa nyumbani, ukaisoma kwa lugha ya getini kwako.

Lakini mama ni mama, na mimi naogopa. Mhamishe. Milango ikichelewa weka hata ya mbao zilizotumika kumwagia zege, nimekupa mpaka mwisho wa mwezi. Siku atakayolala nyumba ya juu, mimi nitaandika kwa wakaguzi, nawe utaamua mwenyewe ni nyumba zipi zibomolewe. Ahadi ya mtaro usinipe, ahadi zako za utotoni bado sijamaliza kuzisubiri.

Dada yako

28 Februari

Dada,

Mama amehama leo. Milango yote ipo, na yote inafunga. Amezunguka vyumbani anagusa kuta kama mtu anayenunua kitambaa, kisha akakaa barazani na kukataa kuondoka. Kutoka pale anaona mpaka uani kwake kwa zamani. Anasema sasa atamwona kila atakayeiba ndoo.

Basi umeshinda, kama kawaida yako. Ukiandika huko, usiandike kwa hasira. Mimi bado ni yuleyule.

Kitindamimba

6 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kukuambia. Tangu nipate habari kwamba mama yuko juu nimelala vizuri, na nilikuwa nimeusahau usingizi wa namna hiyo.

Taarifa sijaiandika bado. Wiki hii tuna wakubwa wanaokagua ofisi, mafaili yamejaa mpaka kwenye viti vya wageni. Nitaiandika Jumatatu, au ile inayofuata, nikiwa nimetulia, kama ulivyoomba. Hata hivyo anza kutafuta watu wa kuchimba, na jiandae kuongea na wenye zile nyumba mbili. Nimeona wingu leo asubuhi, lakini lilipita.

Mpe mama salamu. Mwambie nikija nitalala chumba chenye dirisha la mashariki.

Dada yako

2 Aprili

Binti yangu,

Kwenye mazishi hukunisogelea. Ulisimama kule nyuma peke yako, ukaondoka kabla ya watu kutawanyika. Nakuandikia kwa sababu simu siisikii, na ana kwa ana unanitazama kama unanikagua.

Umeshasimuliwa ilivyokuwa, lakini mimi ndiye niliyeona, kwa hiyo isikie kutoka kwangu. Ilikuwa mchana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi bila kupumzika, nami nilikuwa nimekaa barazani. Niliona maji yanashuka barabarani yakiwa mekundu, yanakwenda kujikusanya nyuma ya ukuta. Sikuyasikia. Mshonaji alitoka uani, akatazama ukuta, kisha akatazama kwangu juu, akapunga mikono yote miwili. Mdomo wake ulikuwa unacheza. Nilidhani ananisalimia. Nikampungia na mimi. Akaingia ndani, sijui kuchukua nini, na ukuta ukalala juu ya chumba chake.

Sasa nisikilize vizuri. Tume ya uchunguzi imekuja kunihoji. Nimewaambia kwamba ukuta ulikuwa na matundu ya kupitishia maji, na mimi ndiye niliyeyaziba kwa saruji kabla sijahama, kwa sababu ya panya. Waliandika. Mimi ni mzee na kiziwi, hawatanifanya kitu. Mdogo wako ana watoto ambao bado hawajui hata kufunga kamba za viatu.

Watakuita na wewe, kwa kuwa faili lilianzia kwako. Sema unaijua habari ya panya. Sema niliwahi kukulalamikia. Msichana hatarudi hata mkisema nini, na huyu bado yupo. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa, sasa naomba hiki.

Mama yako

5 Aprili

Dada,

Mama amekuandikia, najua. Mimi sikumtuma. Nilikuta ameshasema.

Lakini sitamkanusha mbele ya watu, na wewe usimkanushe, utakuwa umemwaibisha mzee kwa jambo lisilorudisha mtu. Halafu fikiri kidogo. Ukisema yangu itabidi useme na yako. Ulijua tangu Januari. Uliahidi taarifa, hukuipeleka. Barua zako zote ninazo, sijazitupa, na sitazionyesha kama hakuna sababu.

Siku hizi sili. Uniamini au usiniamini.

Kitindamimba

19 Aprili

Mama,

Jana niliitwa. Walitukalisha kwenye ukumbi wa mikutano, ule wenye viti vya plastiki, mimi mbele na watu nyuma yangu.

Nimewaambia hakukuwa na panya. Nimewaambia ukuta haukuwahi kuwa na tundu hata moja, na barua yako ya Januari nimewapa waisome wenyewe. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe. Nimewaonyesha kwenye mchoro bwawa lilikuwa wapi, nimesema nani alilifukia, nani alijua, na tangu lini. Mwanao hakuwa na haja ya kuonyesha barua zangu, nilipeleka nakala mwenyewe. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Alitoka kabla sijamaliza, na sikugeuka kumtazama. Kesi yake itakwenda mahakamani. Kazini nimeambiwa nisirudi mpaka nitakapoitwa, na hapakuwa na mtu aliyeniambia nitaitwa lini.

Sisemi haya ili unisifu. Nimekukasirikia, mama. Uongo ule uliutoa upesi mno, kama mtu anayetoa chenji. Naye nimemkasirikia, kwa sababu alisoma anachotaka na kuuza alichofukia. Lakini nikizisoma upya barua zetu nakuta neno moja linajirudia kila ukurasa. Mhamishe mama. Mama akiwa juu. Mama yuko salama. Tumebishana kwa kalamu mimi na yeye, tumepeana masharti kama mawakili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeandika neno la mshonaji. Wewe ulinitajia kwamba atabaki kule chini. Niliusoma mstari ule na kuupita, nikakimbilia kwenye shimo na ukuta, mambo ya fani yangu. Ulipohama nikalala usingizi.

Mama wa mshonaji alikuwepo ukumbini. Ni wa rika lako, mfupi, amevaa gauni lililomkaa vizuri kuliko nguo zetu sote mle ndani. Mwenyekiti alimuuliza kama ana swali kwangu. Nilidhani atauliza habari za kibali, maana siku nzima tulikuwa tunasema kibali, kibali. Alisimama, akanyoosha gauni, akaniuliza, "Ulijua ukuta utaanguka. Mama yako ukamtoa. Mtoto wangu ulimwachia nani?"

Mwenyekiti akasema si lazima nijibu. Yule mwanamke alibaki amesimama kwa muda akinisubiri, kwa adabu kabisa, kama watu wanavyonisubiri dirishani kwangu, mpaka mtu mmoja akamshika mkono akamkalisha.

Nitakuja Jumamosi. Kama hutaki kunifungulia, usinifungulie. Nitakaa barazani kidogo, kisha nitarudi.

Binti yako